Kitambaa cha Meza cha Tai-dai, Darizi na Shanga: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wanaojaribu kutengeneza kitambaa cha meza cha tai-dai (yaani kinachofungwa kwa kamba kabla ya kutiwa rangi) kilichodariziwa, wawe Kisumu, Kakamega au Nakuru, hukwama mahali pamoja. Siku ya kwanza rangi inapendeza, darizi imetulia na shanga zinameremeta. Kisha kitambaa kinafuliwa mara moja tu, na uzi uliokuwa mweupe unatoka majini ukiwa na buluu iliyofifia, huku kingo zikiwa zimejikunja. Lawama huangukia uzi, sabuni au maji ya mfereji. Mara nyingi vyote hivyo havina kosa: sindano iliingia kwenye kitambaa kabla ya kitambaa chenyewe kuwa tayari.

Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia mpangilio mmoja wa kazi, na ninakuomba usiubadilishe hata kama una haraka: kufua, kufunga, kutia rangi, kuchemsha kwa sabuni, kupima, kukunja pindo, kudarizi, na mwisho kabisa kushona shanga. Mfano wetu ni kitambaa cha meza ya sebuleni cha mita 1 kwa mita 1, chenye rangi ya nili na miduara myeupe katikati. Miduara hiyo ndiyo itakayopokea darizi.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Kitambaa. Tafuta pamba tupu, yaani marekani au bafta, kipande cha sentimita 115 kwa 115. Sentimita zinazozidi ni za pindo na za kuruka, yaani kupungua ukubwa, kwa sababu pamba mpya huruka inapoingia kwenye maji ya moto. Ukipendelea mashuka ya mitumba, ambayo yanapatikana kwa wingi katika soko la Kibuye mjini Kisumu, jihadhari, kwa kuwa mengi yamechanganywa na poliesta, na poliesta haishiki rangi tutakayoitumia.

Chomoa nyuzi chache ukingoni uziwashe kwa kiberiti juu ya kisahani. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi linalosagika kati ya vidole. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona kidonge, hata kidogo, liache shuka hilo kwa kazi nyingine.

Rangi na dawa zake. Utahitaji nili ya unga ya kundi la rangi za vati (rangi zisizoyeyuka majini bila dawa), kostiki soda, na haidrosalfaiti, ambayo wauzaji wengi huiita haidro. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka rangi ya vati ya kutilia pamba. Rangi za vipaketi vidogo, zinazochemshwa na chumvi tu, ni za aina nyingine. Zinafaa kurudishia nguo iliyopauka, lakini zitachuja chini ya darizi yako.

Vyombo. Andaa mabeseni mawili ya plastiki, ndoo, jagi la plastiki lenye mfuniko, mti wa kukorogea, kijiko kikubwa cha plastiki, glavu ndefu za mpira, barakoa, aproni, na miwani ya kukinga macho. Usitumie sufuria ya alumini wala karai la mabati kwa hatua ya rangi. Kostiki hula alumini na ile zinki iliyopakwa juu ya mabati, hutoa gesi inayoweza kushika moto, na chombo hutoboka. Onyo hili linatolewa hapa kwa sababu karibu kila jikoni la Kenya lina sufuria za alumini, na mkono huzifuata kwa mazoea.

Vya kudarizia na kupamba. Nunua uzi wa kudarizi wa pamba, ule wenye nyuzi 6 nyembamba ndani yake, ringi ya kudarizia ya upana wa sentimita 15 hadi 20, sindano zenye tundu refu, sindano nyembamba za shanga, uzi imara wa poliesta, chaki ya fundi, shanga ndogo za kioo, na puleki (visahani vidogo vinavyong'aa vyenye tundu) ukipenda. Ongeza kamba ya katani au vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli vya kufungia, na maharagwe makavu 20.

## Hatua ya 1: Kukifua kitambaa kipya

Kitambaa kipya hutoka kiwandani kikiwa na wanga na mafuta yaliyowekwa ili nyuzi zisikatike wakati wa kufumwa. Wanga huo hauonekani, lakini huizuia rangi kuingia, na matokeo yake ni mabaka. Loweka kitambaa usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu. Asubuhi kifue kwa sabuni ya kipande na maji ya moto sana, kisha ukisuuze hadi povu liishe. Usitumie dawa ya kulainisha nguo.

Kitambaa kikikauka, dondoshea tone moja la maji juu yake. Likizama papo hapo, umefaulu. Likisimama juu kama kidonge hata kwa sekunde chache, rudia kufua. Piga pasi kikiwa na unyevu kidogo.

## Hatua ya 2: Kufunga

Tafuta katikati ya kitambaa kwa kukikunja mara nne, weka alama ya chaki, kisha kikunjue. Kishike hapo katikati kwa vidole viwili ukiinue, ili kingo zote zianguke chini kama mwavuli uliofungwa. Panga mikunjo kwa mkono mmoja iwe sawa pande zote, maana mkunjo uliolala vibaya hutoa mduara uliopinda.

Funga kifundo cha kwanza sentimita 10 kutoka kwenye ncha, cha pili sentimita 20, na cha tatu sentimita 32. Zungusha kamba mara nyingi mahali pamoja hadi ukanda wa kamba uwe na upana wa sentimita 1 hivi, ukivuta kwa nguvu kila mzunguko. Ukanda huu ndio utakaobaki mweupe, na ndio njia ya sindano yako baadaye. Ukifunga kwa mzunguko mmoja tu, utapata mstari hafifu usiotosha hata safu moja ya mshono.

Katika kila pembe weka maharagwe 5, umbali wa vidole vitatu kati ya moja na jingine, na ufunge kila moja kwa uzi chini yake. Yatatoa vimiduara vidogo ambavyo tutavijaza shanga.

Fundo lililokaza halizunguki ukilisukuma kwa kidole gumba. Likizunguka, lifungue ulifunge upya.

Kabla ya kwenda kwenye rangi, tumbukiza bunda lote kwenye maji safi kwa dakika 15, kisha likamue. Maji yaliyotangulia ndani ya mikunjo huizuia rangi isipenye chini ya kamba, na pia hutoa hewa, ambayo kama utakavyoona hivi punde ni adui wa beseni la nili.

## Hatua ya 3: Kutia rangi

Fanyia hatua hii nje, mahali penye hewa, mbali na jiko, watoto na mifugo. Anza asubuhi. Upande wa Kisumu na Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, na kitambaa kilichotoka kwenye rangi kinahitaji muda wa kutosha hewani. Kwa walio Nakuru, ambako asubuhi huwa na baridi, weka beseni la rangi ndani ya beseni kubwa zaidi lenye maji ya moto ili rangi isipoe mapema.

### Kwanza ielewe kazi yenyewe

Nili haiyeyuki katika maji. Haidro huiondolea oksijeni, na kostiki huisaidia kuyeyuka ikiwa katika hali hiyo. Ikishayeyuka, inaweza kuingia ndani ya nyuzi za pamba. Kitambaa kinapotolewa, oksijeni ya hewani huirudisha katika hali yake ya kwanza isiyoyeyuka, nayo inabaki imenaswa humo ndani. Ndiyo maana rangi hii haitoki kwa kufuliwa. Ukishayaelewa haya, utajua mwenyewe kwa nini hatupigi povu, kwa nini hatukorogi kwa nguvu, na kwa nini hatufupishi muda wa hewani.

### Mchanganyiko

Vaa glavu, barakoa na miwani. Weka unga wa nili, kijiko kikubwa 1 kilichosawazishwa, kwenye jagi la plastiki, na uuponde kwa maji ya moto kidogo hadi uwe uji laini usio na madonge. Ongeza maji ya moto, yasiyochemka, hadi lita 1.

Nyunyizia kostiki, kijiko kikubwa 1, kidogo kidogo huku ukikoroga polepole. Siku zote kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukimwagia maji kostiki kavu, huchemka ghafla na kukurukia usoni. Kisha nyunyizia haidro vijiko vikubwa 2, koroga mara moja kwa upole, funika, na uache kwa dakika 15 hadi 20.

Ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kupaka siki wala kitu kingine. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo na uende hospitali mara moja. Haidro nayo ihifadhiwe kwenye kopo kavu lililofungwa vizuri, kwa sababu ikipata unyevunyevu hujipasha moto yenyewe na inaweza kuwaka.

Mimina lita 4 za maji ya joto kwenye beseni. Joto linalofaa ni takriban nyuzi 50 za Selsiasi: mkono wenye glavu uhisi moto lakini uweze kuvumilia. Nyunyizia haidro nusu kijiko ili kuondoa hewa iliyomo majini, kisha ingiza yaliyomo kwenye jagi ukiwa umelishusha mdomo hadi karibu na maji, ili yasirushe mapovu.

Baada ya dakika 10, tazama. Juu pawe na utando wa buluu unaong'aa kwa rangi ya shaba, na ukiusogeza kwa mti, maji ya chini yawe ya kijani cha manjano, maangavu kiasi cha kuona ndani. Maji yakiwa ya buluu chini, nili haijayeyuka: ongeza haidro nusu kijiko na usubiri dakika 10 nyingine. Usitumbukize kitambaa kwenye maji ya buluu. Rangi itakaa juu juu, itapendeza machoni, na yote itaondoka kwenye ufuaji wa kwanza. Nikiulizwa kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, hilo ndilo nitakalolitaja.

### Kutumbukiza na kuanika

Sogeza utando pembeni, ingiza bunda polepole, na ulizamishe kabisa kwa dakika 5. Lifinye kidogo humo ndani kwa vidole ili rangi ifike kwenye mikunjo, lakini usilitoe na kulirudisha.

Litoe karibu na uso wa maji, ukilikamua humo humo ili matone yasirushe hewa ndani ya beseni. Sasa litazame. Linatoka likiwa na rangi ya majani machanga; ndani ya dakika chache kingo zinageuka kijani cha bahari, kisha buluu, na buluu hiyo inasogea kutoka nje kuelekea ndani ya mikunjo mbele ya macho yako. Ifungue mikunjo iliyo kati ya kamba kwa vidole ili hewa ifike, na uache kwa dakika 15.

Rudia kutumbukiza na kuanika mara mbili au tatu zaidi. Mara nyingi zenye rangi nyepesi hushika kuliko mara moja yenye rangi nzito, kwa hiyo usishawishike kuongeza unga. Kitambaa chenye maji huonekana cheusi zaidi kuliko kitakavyokuwa kikikauka, hivyo acha pale kinapoonekana kimezidi kidogo.

Rangi nyingine za vati hubadilika kwa namna zake. Zipo za manjano ambazo ndani ya beseni huwa buluu. Usishtuke, subiri hewa.

### Maji yaliyobaki

Acha beseni wazi hadi kesho yake, ukilikoroga mara kwa mara ili haidro iishe nguvu. Tia siki, ongeza maji mengi, na umwage mbali na kisima na bustani ya mboga. Usimwage kwenye mfereji wa maji ya mvua. Mifereji ya Kisumu huishia Ziwa Victoria na ya Nakuru huishia Ziwa Nakuru.

## Hatua ya 4: Kusuuza, kufungua na kuchemsha

Suuza bunda likiwa bado limefungwa, ubadilishe maji hadi yatoke karibu meupe. Hapo ndipo ukate kamba, ukiwa mwangalifu mkasi usiguse kitambaa. Kianike wazi kivulini kwa nusu saa, ili sehemu zilizokuwa zimefichika zipate hewa pia.

Andaa ndoo ya maji yenye siki nusu kikombe na ukiloweke kwa dakika 10. Wengi huamini kwamba siki au chumvi hufunga rangi isichuje. Kwa rangi hii sivyo. Siki inaondoa tu utelezi wa kostiki uliobaki, ambao ungechosha pamba na kuuharibu uzi wa darizi. Kitambaa kikiwa bado kinateleza mkononi kama sabuni, kostiki ipo, suuza tena.

Sasa chemsha kwa moto mdogo, kwenye maji yenye sabuni, kwa dakika 10 hadi 15. Hapa sufuria ya alumini inaweza kutumika kwa kuwa kostiki imekwisha kuondoka, ila isirudi tena kupika chakula. Maji yatageuka buluu, na hilo lisikuvunje moyo: hiyo ni nili iliyokaa juu ya nyuzi bila kuingia, na ni heri itoke leo kuliko kutoka ikiwa chini ya darizi yako. Suuza kwa maji ya moto, halafu ya baridi, na uanike kivulini.

## Hatua ya 5: Kupima kabla ya sindano

Hatua hii inachukua dakika 5 na ndiyo inayorukwa.

Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, ukikamue, ukiweke juu ya sehemu yenye buluu iliyokolea, na ukandamize kwa pasi ya moto hadi kikauke. Kisha chukua kingine chenye unyevu usugue mahali pengine mara kumi. Kile cha pasi kinapaswa kubaki cheupe. Kile cha kusugua kinaweza kuwa na kivuli hafifu sana, kwa kuwa nili ina tabia hiyo. Ukiona alama ya wazi ya buluu, rudi kwenye sabuni na uchemshe tena. Hakuna njia ya mkato hapa.

Pima uzi wa kudarizi pia, hasa mwekundu, mweusi na wa zambarau: lowesha kipande, kifinye ndani ya kitambaa cheupe, na ukipige pasi. Unaochuja urudi dukani.

## Hatua ya 6: Pindo

Piga pasi, kata kingo ziwe sawa, na ukunje pindo la sentimita 2 mara mbili. Lipige bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, kisha lishone kwa cherehani. Pindo hutangulia darizi kwa sababu mguu wa cherehani ukipita juu ya shanga unazivunja, na kwa sababu ukingo usioshonwa huanza kufumuka kila unapobana na kubandua ringi.

## Hatua ya 7: Kudarizi

Chora kwa chaki iliyochongwa juu ya kila ukanda mweupe: mshipa mmoja unaozunguka, na majani madogo yanayotoka pande zote mbili, ncha zake zikigusa buluu. Ukanda huo hautakuwa mduara kamili, na usijaribu kuusahihisha. Fuata pale kamba ilipopita, maana uzuri wa kitambaa hiki uko hapo.

Bana kitambaa kwenye ringi, ukikaze kwa kukivuta kufuata nyuzi zake, kamwe si kwa mshazari, kwa sababu mshazari hunyooka ukivutwa na ukitoa ringi utaona mikunjo isiyotoka kwa pasi. Kata uzi wenye urefu wa dhiraa moja, kutoka ncha ya kidole hadi kiwikoni. Mrefu zaidi hujisokota na kupoteza mng'ao. Tenganisha nyuzi 3 kati ya zile 6.

Usianze kwa fundo. Acha mkia wa vidole vinne upande wa chini, na baadaye uupitishe chini ya mishono. Mafundo hujitokeza kama vipele kitambaa kikilala mezani.

Kwa mshipa, tumia mshono wa mnyororo: toa sindano juu, irudishe kwenye tundu lile lile ukiacha kitanzi, itoe tena milimita 4 mbele ndani ya kitanzi, kisha vuta. Acha kuvuta pale kitanzi kinapolala. Ukiendelea kuvuta, kitanzi kinakuwa mstari mwembamba na kitambaa kinajikusanya. Kwa majani, tumia mshono wa kujaza, nyuzi zikilala bega kwa bega. Jani lisizidi upana wa sentimita 1, maana nyuzi ndefu hunaswa na pete na kucha.

Bandua ringi kila unapomaliza kazi ya siku. Geuza kitambaa: upande wa chini usiwe na nyuzi zilizoruka zaidi ya sentimita 2 kutoka jani hadi jani. Kisha kiweke mezani bila kukinyoosha kwa mkono. Kikilala chenyewe, mvuto wako ni sahihi.

## Hatua ya 8: Shanga na puleki

Loweka shanga chache usiku kucha kwenye maji ya moto yenye sabuni. Zilizopakwa rangi juu huambuka. Za kioo chenye rangi ndani hubaki zilivyo.

Kaa nazo mbali na katikati, ambako sahani na vikombe vitawekwa. Zijaze kwenye vile vimiduara vya maharagwe pembeni, ambako kitambaa kinaning'inia na uzito wake unasaidia pembe zishuke vizuri. Tumia uzi wa poliesta uliokunjwa mara mbili, pita ndani ya kila shanga mara mbili, na funga fundo dogo upande wa chini baada ya kila shanga 5, ili uzi ukikatika usipoteze safu nzima. Puleki ishonwe kwa shanga moja juu yake: sindano inatoka kwenye tundu la puleki, inaingia kwenye shanga, na inarudi kwenye tundu lile lile.

Vuta kila shanga kwa ukucha. Isitikisike.

## Kufua na kupiga pasi

Ufuaji wa kwanza uwe wa peke yake, kwa mkono, kwenye maji ya baridi na sabuni isiyo na dawa ya kung'arisha. Usikikamue kwa kukisokota; kikunje ndani ya taulo ukikandamize. Anika kivulini, upande wa darizi ukiwa ndani. Pasi ipite upande wa chini tu, taulo nene likiwa limetandikwa mezani ili darizi izame humo isibanwe, na isifike kabisa kwenye pembe zenye puleki za plastiki, kwa kuwa huyeyuka na kugandia kwenye kitambaa.

Kikiwekwa kabatini, kiviringishwe kwenye karatasi safi badala ya kukunjwa, darizi ikiwa upande wa nje.